Shangazi, shoti zinanimaliza na supavaiza ananiita mwizi mbele ya wateja

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni dada wa miaka 27. Nina mtoto mmoja, yuko darasa la pili, anaishi na mama yangu Kilosa. Nafanya kazi ya kujaza mafuta kwenye sheli moja hapa Chalinze, mwaka mmoja na miezi minne sasa. Mara nyingi napangwa zamu ya usiku: naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Mshahara ninaopokea mkononi ni shilingi 240,000. Si nyingi, ila nilikuwa nazipanga. Mama namtumia 80,000, kodi ya chumba 40,000, zinazobaki ni chakula na nauli.

Mwezi uliopita nilipokea 120,700.

Nyingine zote zilikatwa kwa ajili ya shoti. Kwetu ukimaliza zamu supavaiza anasoma mita ya kufungia, anatoa ile ya kufungulia, anazidisha kwa bei, halafu wewe unakabidhi hela zako, za mkononi na za lipa namba. Zikipungua, hiyo shoti ni yako. Mwezi ule nilipata tatu. Moja ni 40,000: Canter ilijaza saa tisa usiku, nilipogeuka kumhudumia mwingine ikaondoka na taa zimezimwa. Nilikuwa peke yangu kwenye pampu mbili. Nyingine ni 31,200: dereva alinionyesha meseji kwamba ameshalipa, kumbe hela haikuingia. Hizo mbili zinaniuma, lakini najua zilikotoka.

Ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi. Ni 48,100. Ilikuwa usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, mwanzoni mwa mwezi. Dizeli ilikuwa inapanda shilingi 65 kwa lita, na malori mawili yaliingia mbio kabla ya saa sita kuwahi bei ya zamani. Moja nililijazia lita 400, jingine lita 320. Walilipa taslimu, nikahesabu mara mbili, nikatumbukiza kwenye sefu mlinzi akiona. Asubuhi naambiwa nina shoti ya 48,100. Nilipekua hadi mifuko ya sare. Nilianza kujiuliza labda kweli nilisinzia nikaibiwa.

Supavaiza hakunipa hata nafasi ya kuuliza. Alisimama palepale pampuni, wateja wapo, wenzangu wa zamu ya asubuhi wapo, akasema kwa sauti: "Wezi wa kike ndio wabaya, wanaficha kwenye sidiria." Watu wakacheka. Dereva mmoja wa bodaboda ambaye huwa namjazia kila siku naye akacheka. Tangu siku hiyo nikiingia zamu ananiita "mama shoti", na wenzangu wameshaanza kuniita hivyo hivyo. Nikimwambia tuhesabu upya anasema wenye njaa wako wengi getini, niache nafasi.

Bahati yangu haijawahi kuwa nzuri pale. Kuna mwezi wa nyuma bei ilishuka, asubuhi yake nikakutwa na ziada ya 27,000. Aliichukua, akasema ziada ni mali ya ofisi. Sikusema kitu.

Sasa juzi usiku amenitumia meseji: "Shoti zako naweza kuzifuta. Inategemea unanielewaje. Jumapili si upo off?" Sijamjibu. Sijaifuta pia, lakini nikiiona mikono inanitetemeka.

Halafu jana wameleta karatasi nisaini kwamba nimekubali kukatwa mshahara hadi deni liishe, na imeandikwa kwamba makato yaliyokwisha kufanyika nimeyaridhia. Nimeomba siku chache nisome. Bosi mwenye sheli anaishi Dar, huja kila Jumamosi. Supavaiza ni shemeji yake.

Mama anasema nivumilie, kazi hakuna. Mimi kuna usiku natamani nivue sare niitundike kwenye pampu niondoke, nisidai hata senti. Nifanyeje, Shangazi?

Binti wa zamu ya usiku, Chalinze

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya pili nilishika kalamu, kwa sababu kuna kitu umeandika bila mwenyewe kukiona.

Kwanza hiyo karatasi. Usiisaini kama ilivyo. Jiulize: kama walikuwa na haki ya kukukata mwezi uliopita, saini yako ya leo wanaitakia nini? Wanataka uridhie kwa kalamu jambo walilokwisha kulifanya bila wewe. Wakikubana sana, chukua kalamu uandike chini kwa mkono wako: "Nimeipokea tarehe fulani. Sikubaliani na kiasi. Naomba hesabu kwa maandishi." Hapo ndipo uweke jina na saini, na ubaki na nakala.

Sasa shoti ya 48,100. Gawanya hiyo kwa 65, zile shilingi ambazo dizeli ilipanda usiku ule. Unapata 740 kamili, haina hata senti iliyobaki. Malori yako mawili yalibeba lita 720.

Unaona? Bei kikomo za mafuta EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, huzitangaza kila mwezi, na huanza kutumika Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa sita na dakika moja usiku. Wewe ulikuwa zamuni tangu jioni. Lita zote ulizouza kabla ya saa sita uliziuza kwa bei ya zamani, tena kwa halali. Kama hakuna aliyesoma mita saa sita ile, asubuhi mtu akachukua lita za usiku kucha akazizidisha zote kwa bei mpya, basi kila lita ya kabla ya saa sita inakudai shilingi 65 ambazo hakuna mteja aliyekupa. Nilimwendea kaka mmoja aliyefanya kazi ya sheli miaka mingi, nikamsomea hesabu hii bila kumtajia wewe ni nani. Hakusubiri hata nimalize. Akasema hiyo ndiyo shoti ya usiku wa bei, na kwamba kwao supavaiza alilazimika kusimamisha pampu dakika tano kabla ya saa sita, mita zikasomwa, wote wawili wakaandika, ndipo bei ikabadilishwa.

Na ile ziada yako ya 27,000, bei iliposhuka? Ni kosa lilelile limegeuka upande wa pili. Uliuza jioni kwa bei ya juu, asubuhi wakakuhesabia zote kwa bei ya chini, hela zikaonekana zimezidi. Ziada wakaiita ya ofisi. Pungufu wakaiita yako. Sisemi kwamba supavaiza anajua anachokifanya, inawezekana ni mvivu tu wa kuamka saa sita. Lakini mtu aliyekuita mwizi mbele ya watu kwa hesabu ambayo yeye ndiye aliyeikosea amekudhulumu mara mbili, na nimeumia kwa niaba yako kwamba ulifika mahali pa kujishuku mwenyewe na kupekua mifuko ya sare yako.

Zinabaki lita 20 kati ya 720 na 740. Kaa chini ukumbuke usiku ule tangu ulipoingia: hakuna Hilux, hakuna trekta, hakuna mtu wa madumu aliyechukua dizeli lita 20 kabla ya saa sita? Kichwa kikigoma, risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, zipo, na zinaandika lita, bei na saa. Risiti za pampu yako za usiku ule zikikusanywa mezani, ubishi unakwisha bila mtu kupandisha sauti.

Upande wa sheria, shika jambo hili moja vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, kifungu cha 28, inamzuia mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya hasara kwa maneno tu. Lazima wewe uwe umekubali deni hilo kwa maandishi, na hata ukikubali, bado yapo masharti: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, upewe kwa maandishi sababu yake, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, upewe nafasi ya kutosha ya kupinga, deni lisizidi hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya hizo 240,000 zako ni 60,000. Wao wamekata 119,300, karibu nusu, na hukuonyeshwa hata karatasi moja ya hesabu.

Lile neno "kwa kosa lako" nalo liangalie. Canter iliyokimbia saa tisa usiku ukiwa peke yako kwenye pampu mbili, je, hilo ni kosa lako au ni la aliyekupanga peke yako? Mimi ningelipinga. Ile ya meseji ya malipo ni ngumu zaidi kuipinga, nisikudanganye. Mteja akikuonyesha simu yake hujalipwa, umelipwa pale ujumbe unapoingia kwenye simu ya sheli. Kama simu hiyo usiku hufungiwa ofisini na wewe huna namna ya kuhakiki, hilo liseme wazi, maana hapo tena kosa linahama.

Na saa kumi na mbili mfululizo za usiku nazo zina malipo yake kisheria, ya muda wa ziada na nyongeza ya kazi ya usiku ambayo ni asilimia 5 kwa kila saa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Angalia kama vimo kwenye mshahara wako. Lakini usivipeleke vyote Jumamosi, utawapa nafasi ya kukuzungusha. Anza na shoti.

Nije kwenye meseji, ambayo ndiyo iliyonikosesha raha. Mwanangu, hayo si mahaba na si utani. Mtu mwenye mamlaka juu yako anakuambia deni litafutika ukimwelewa. Hiyo inaitwa rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 imeitaja kama kosa la jinai katika kifungu chake cha 25. Tazama pia jinsi kamba ilivyosokotwa: shoti isiyo yako, aibu mbele ya wateja hadi wenzako wakakuacha peke yako, halafu yeye huyohuyo anakuja usiku kama mwokozi. Mikono kukutetemeka ni haki yake.

Usiifute. Ipige picha ya skrini ionekane na tarehe na namba yake, umtumie mtu unayemwamini aitunze, ili hata simu ikipotea ushahidi ubaki. Jumapili usiende popote anapokuita, hata akisema ni mahali pa wazi, hata akisema bosi atakuwepo. Ukiona lazima umjibu, mjibu mstari mmoja: "Masuala ya shoti naomba tuyamalize ofisini kwa maandishi." Usimtukane, usimcheke, usimwekee hata alama ya kicheko, maana kesho itasomwa kwamba mlikuwa mnataniana. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana namba ya bure, 113. Ukiona aibu kuanza nao, Dawati la Jinsia polisi utamkuta askari aliyefundishwa kusikiliza mambo haya, na unaweza kuomba kuzungumza na askari wa kike. Lini uende ni uamuzi wako. Mimi ningekwenda wiki hii.

Umeniambia supavaiza ni shemeji wa bosi, na najua kwa nini umeliandika mwishoni. Ndiyo sababu nataka Jumamosi uanze na hesabu. Ukimwambia mtu kwamba shemeji yake ana maneno machafu, atamtetea kabla hujamaliza sentensi. Ukimwekea mita, lita na bei, hana cha kutetea, na tena ni sheli yake: hesabu inayokoseka usiku wa bei haiwezi kuwa imekuponza wewe peke yako. Andika barua fupi, nakala mbili, moja asaini amepokea. Unaweza kuiandika hivi:

"Ndugu Mkurugenzi, naomba kupatiwa kwa maandishi hesabu ya makato ya shilingi 119,300 katika mshahara wangu wa mwezi uliopita: shoti ya kila siku, mita ya kufungulia na ya kufungia, na bei iliyotumika. Kwa usiku wa kubadilika bei, naomba mauzo ya kabla ya saa sita yahesabiwe kwa bei ya zamani kama risiti za EFD zinavyoonyesha. Sikatai kulipa hasara niliyoisababisha kwa kosa langu. Naomba nionyeshwe ni ipi."

Mwombe mwenzako mmoja asimame na wewe. Yupo tu, hata yule mlinzi aliyekuona ukitumbukiza hela kwenye sefu. Nina hakika si wote waliocheka walifurahi, wengine walicheka kwa kuogopa zamu yao ikifika. Waulize taratibu, mmoja mmoja, kama nao walipata shoti usiku wa bei. Ukimpata mwenye shoti kama yako, hapo mko wawili.

Tangu leo nunua daftari lako mwenyewe. Kila unapoingia, usikubali kushika pampu kabla hujaandika mita ya kufungulia wewe na anayekukabidhi, na kila mmoja asaini. Unapotoka, vivyo hivyo. Jumanne ya kuamkia Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa sita kasoro, andika mita hata kama hakuna mwingine anayeandika. Simu usiitoe pampuni kupiga picha, unajua mwenyewe hatari yake, na utampa sababu ya kukufukuza kwa kosa la usalama. Kalamu inatosha.

Akianza tena "mama shoti" mbele ya wateja, usijibizane naye. Mwambie kwa sauti ileile kila siku: "Supavaiza, naomba tukahesabu ndani." Akirudia, rudia. Kisha kwenye daftari andika siku, saa, alichosema na nani alikuwepo. Najua ni rahisi mimi kukuandikia kuliko wewe kufanya ukiwa umesimama pale na bomba mkononi, watu wanakutazama. Siku ya kwanza sauti itakukatika. Sema hivyo hivyo.

Kuhusu kuvua sare na kuondoka: usiku huo ukikujia tena, subiri asubuhi. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28 kwa maandishi, na ukiondoka ghafla unawaachia hoja ya kukudai wewe, tena kwa mara ya pili. Sheria inamtambua pia mfanyakazi aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, lakini hilo linataka kuthibitishwa, na uthibitisho ndio huo daftari na hizo meseji. Kwa hiyo hata kama moyo umeshaondoka, mikono ibaki inaandika. Wakati huohuo anza kuulizia kwingine, sheli ni nyingi kwenye barabara hiyo, na mtu anayejua kufunga hesabu anatakiwa.

Bosi akikataa kukuonyesha hesabu, au akikufukuza kwa kuiomba, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ofisi ya mkoa wa Pwani. Kufungua shauri hakulipiwi na huhitaji wakili. Ila muda unakimbia: ukiachishwa kazi una siku 30 za kupeleka malalamiko, na kwa migogoro mingine kama haya makato ni siku 60. Zihesabu tangu siku uliyopokea hizo 120,700, uziandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Mama yako usimkasirikie. Anaposema vumilia anamtazama mjukuu aliye mbele yake na sahani ya jioni. Mwambie hujaacha kazi, unadai hesabu. Nadhani atakuelewa, na huenda yeye ndiye mtu mzuri wa kutunza ile picha ya meseji.

Niandikie Jumapili uniambie bosi alisemaje, na kama umewakumbuka wenye zile lita 20.

Shangazi